Refa Asiye na Filimbi

Refa akija uwanjani siku ambayo hakupangwa, akakaa jukwaani na mwanawe, bado hapumziki. Bao likikataliwa, shingo zinamgeukia: "Refa wetu, hebu tuambie, ile ni kuotea kweli?"

Naona aanze kwa kuwaambia alipokaa. Kuotea hupimwa kwa mchezaji wa pili kutoka mwisho upande wa wapinzani, kipa akihesabiwa, ndiyo maana mshika kibendera hujitahidi kukimbia sambamba naye. Aliyeketi jukwaani karibu na kona hutazama kimshazari, na kwa macho hayo mshambuliaji aliye sawa na beki huweza kuonekana amemtangulia. Refa wetu anazijua sheria zote 17, ila pale alipo anaona kile kile anachokiona muuza karanga.

Sheria yenyewe aieleze kwa moyo wote. Wengi jukwaani hawajui kwamba kusimama eneo la kuotea peke yake si kosa, na anayejua akinyamaza anawadhulumu.

Kuisema hukumu ya mwenzake ni jambo zito zaidi. Juni 2, 2010, mjini Detroit, mrushaji Armando Galarraga alikuwa amewatoa wapinzani 26 mfululizo katika mchezo wa besiboli. Alibakiza mmoja aandike mchezo kamili, yaani ule ambao hakuna mpinzani hata mmoja anayefika salama. Mwamuzi Jim Joyce akamhesabu huyo wa mwisho kuwa amefika salama, kumbe alikwisha kutolewa. Baada ya kutazama video, Joyce alikiri mwenyewe kwamba amekosea. Kesho yake Galarraga alimpelekea karatasi ya kikosi, na Joyce akalia mbele ya uwanja mzima. Ungamo lile liliwagusa watu kwa kuwa lilitoka kinywani mwa aliyekosa. Mwamuzi mwingine angelitoa jukwaani kabla yake, angekuwa amemnyang'anya kitu ambacho hakuna awezaye kumrudishia.

Je, huku si kulindana? Swali hili linanisumbua, maana kulindana kumeuumiza sana mpira wetu. Akijua kuna rushwa, apeleke habari kwa wenye mamlaka ya kumhoji mtuhumiwa, usiku huo huo. Lakini jicho lililokosea halijauza mechi, na jukwaa halina nafasi ya kumsikiliza aliyeko uwanjani.

Mwanawe akimuuliza njiani, "Baba, wewe ungepuliza?", kesho yake ampeleke kiwanjani asubuhi, amsimamishe kwenye mstari atazame watu wawili waliosimama sawa, kisha ampandishe jukwaani atazame watu wale wale waliosimama pale pale.