Ndevu za Kambale

Wazee wetu wakitaka kuisema nyumba isiyo na adabu, husema ni nyumba ya kambale: baba ana ndevu, mama ana ndevu, mtoto naye ana ndevu. Hapo kijana hutakiwa anyamaze. Nimeambiwa maneno hayo mara nyingi, nyumbani na hata kwenye vikao vya waandishi, kila nilipofungua mdomo kuuliza. Nami nauliza tena, ndugu msomaji: kosa la mtoto wa kambale ni lipi hasa?

Hebu tumtazame samaki mwenyewe. Kambale huyu wa kawaida, ambaye wataalamu humwita Clarias gariepinus, hana magamba, macho yake madogo, na ndevu zake ni nane, jozi nne kuzunguka mdomo. Anaishi kwenye tope, tena chakula hukitafuta zaidi usiku. Macho yatamsaidia nini humo? Ndevu ndizo zinazopapasa, ndizo zinazoonja. Mtoto huota zake mapema kwa sababu tope halimsubiri akue. Ukimnyang'anya kwa jina la heshima, umemwacha kipofu. Na sisi vijana wa mjini tope letu tunalijua, bwana. Kuuliza ndiko kupapasa kwetu.

Lakini nisiwadanganye wenzangu. Kila mtu kuwa na ndevu hakutoshi kujenga nyumba. Waulize wanaofuga kambale kwenye mabwawa. Watoto wa tumbo moja, walioanguliwa siku moja, wakianza tu kupishana ukubwa, mkubwa humla mdogo. Ndiyo maana mfugaji huwachambua, wadogo huku, wakubwa kule. Ndevu wote wanazo, ila midomo haiko sawa. Si ndiyo mambo yetu hayo? Kijiweni kila mtu ana ruhusa ya kusema, halafu mwenye sauti nene anammeza mwenzake, nasi tunauita huo uhuru.

Sasa baba na mama wako wapi watoto wakilana? Hapa ndipo usemi wa wazee unaponishtua. Mvua kubwa zikinyesha, kambale hupanda kwenye mabonde yaliyofurika, hutaga mayai penye majani, kisha hao, wanaondoka zao. Hawalindi mayai wala hawalei watoto. Kumbe nyumba ile tunayoisimanga haina mtu mzima ndani! Tumelaumu ndevu za mtoto bure, wakati aliyepaswa kumwamulia hayupo.

Basi mimi naona hivi. Mzee ana haki ya kuniambia "subiri, mwache mwenzako amalize," ikiwa amekaa nasi kwenye tope, anatusikiliza, anamzuia mwenye nguvu asimmeze mnyonge. Huyo nitamwamkia kwa moyo mmoja. Yule anayerudi mara moja tu kuhesabu ndevu zetu, atanisamehe.

Ila swali halijaisha, maana linatugeukia sisi wenyewe. Wadogo zetu wameshaanza kuandika. Wanakuja na madaftari yao, wanabisha, wanatuuliza maswali tusiyoyataka. Je, tutakaa nao, au tutawacheka kwamba nao wameota ndevu? Mwenye jibu aandike.