Mtini Ulioongezewa Mwaka

Katika Injili ya Mtakatifu Luka, sura ya 13, Bwana Yesu atoa mfano wa mtu mwenye mtini katika shamba lake. Miaka mitatu mwenye shamba alikuja kutafuta matunda, asipate hata moja. Mwishowe akaamuru ukatwe. Ndipo mtunza shamba akauombea mti ule: uachwe mwaka mmoja tena, naye ataulimia shina pande zote na kuutilia mbolea. Ukizaa, vema, usipozaa, utakatwa.

Kila mkulima ajua kwamba mwenye shamba hakukosa haki. Mti usiozaa hunywa maji na kula nguvu ya udongo ambao ungelisha mahindi au muhogo. Mwaka ule wa nne haukuwa deni la mwenye shamba. Ulikuwa zawadi.

Lakini jambo kubwa katika mfano huu ni jembe. Mtunza shamba hakuomba mti ukae tu kivulini kama zamani. Aliomba muda wa kufanya kazi. Hivyo ndivyo ulivyo uvumilivu wa Mungu. Mungu havumilii kama mzee aliyechoka, anayenyamaza kwa sababu anaogopa kelele za watoto. Wala hakusahau dhambi za watu. Angoja, na huku akilima. Neno la katekista linalochoma moyo, aibu inayomshika mtu baada ya dhambi, machozi ya mama anayemwombea mwanawe: hayo yote ni mapigo ya jembe lake. Mtume Petro, katika barua yake ya pili, awaonya wale wanaodhani kwamba Bwana anachelewa: muda ule wametolewa wapate kutubu, maana Mungu hapendi hata mmoja apotee.

Mti wa namna hiyo uliota katika Afrika yenyewe. Mwaka 354, katika mji wa Tagaste, ulio katika nchi iitwayo leo Algeria, alizaliwa Agostino. Baba yake alikuwa mpagani. Mama yake, Monika, alikuwa Mkristu. Mtoto alitiwa ishara ya msalaba na kuonjeshwa chumvi, kama ilivyokuwa desturi kwa wakatekumeni. Alipokuwa angali mtoto aliugua sana, akaomba Ubatizo. Akapona upesi, na Ubatizo ukaahirishwa. Siku zile watu wengi walisema: mwache kwanza atende apendavyo, maana bado hajabatizwa. Baadaye, katika kitabu chake cha Maungamo, Agostino aliisikitikia sana desturi hiyo. Aliuliza kwa nini watu hawasemi hivyo juu ya mgonjwa wa mwili: mwache azidi kujiumiza, maana bado hajapona.

Akakua, akaenda Karthago kusoma. Huko akaishi na mwanamke pasipo ndoa, akazaa naye mwana, jina lake Adeodato. Akafuata mafundisho ya uongo ya Wamani muda wa miaka kama tisa. Monika alilia na kusali. Askofu mmoja alimtuliza akimwambia kwamba haiwezekani mwana wa machozi kama hayo apotee. Mwaka 383 Agostino alimdanganya mama yake, akapanda merikebu usiku kwenda Roma.

Kisha akafika Milano, akasikia mahubiri ya Askofu Ambrosi. Akili yake ilikubali ukweli, lakini moyo wake ulisema: kesho. Mwenyewe aliandika kwamba tangu ujana wake alikuwa akimwomba Mungu usafi wa moyo, huku akiogopa kusikilizwa upesi. Mwaka 386, katika bustani moja ya Milano, alijitupa chini ya mtini, akalia kwa uchungu, akijiuliza hata lini atasema kesho. Akasikia sauti ya mtoto ikiimba na kumwagiza atwae na kusoma. Akafungua barua ya Mtume Paulo kwa Warumi, akasoma maneno ya kuacha ulevi na uasherati na kumvaa Kristu. Vita ya moyo wake ikakoma. Katika kesha la Pasaka la mwaka 387 Ambrosi alimbatiza, pamoja na mwanawe Adeodato na rafiki yake Alipio. Monika aliiona furaha hiyo, akafariki mwaka uleule. Agostino alirudi Afrika, akawa askofu wa Hippo, akalilisha kundi la Mungu hata kufa kwake mwaka 430.

Basi Mungu alimngoja Agostino miaka 32. Lakini mtu asiseme: nami nitangoja vivyo hivyo. Agostino alikuwa na rafiki mpenzi huko Tagaste. Kijana huyo alishikwa na homa, akabatizwa akiwa hana fahamu. Alipozinduka, Agostino alimfanyia mzaha juu ya Ubatizo ule. Mgonjwa akamkemea vikali. Siku chache baadaye homa ikarudi, akafa. Wote wawili walikuwa vijana. Mmoja aliongezewa miaka mingi, mwingine siku chache, na hakuna aliyejua mapema.

Kanisa nalo limejifunza kwa mtunza shamba. Kardinali Lavigerie, aliyeanzisha shirika la Mapadri Weupe mwaka 1868, na ambaye tangu mwaka 1884 alikuwa Askofu Mkuu wa Karthago, mji uleule alikosoma Agostino, aliagiza watu wafundishwe miaka minne kabla ya Ubatizo. Mapadri wake walifika Mpala, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1885, wakiwa na agizo hilo. Muda ule mrefu haukuwekwa uwe adhabu. Ulikuwa mwaka wa jembe.

Hapo ndipo penye hatari ya mkatekumeni. Yuko mtu ajuaye sala zote, huku ameficha hirizi chini ya paa. Mwingine ameshika mali ya mwenzake. Mwingine hasemi na ndugu yake tangu mavuno yaliyopita. Naye ajisemea: maji ya Ubatizo yatafuta yote, nitaacha siku ile ikikaribia. Kweli, Ubatizo huondoa dhambi zote. Lakini mtu mzima hana budi kuujia kwa majuto ya kweli, na majuto ya kweli hayaweki dhambi akiba. Zakayo hakungoja: siku ileile Bwana alipoingia nyumbani mwake, aliahidi kurudisha mara nne mali aliyodhulumu.

Na yule aliyeanguka mara nyingi asikate tamaa. Petro alimkana Bwana mara tatu katika usiku mmoja, akalia, akasamehewa. Jembe likiwa lingali shinani, mti haujakatwa.

Maswali ya kujifunza

Kwa nini Mungu humvumilia mkosefu? Kwa sababu ampenda, na amtaka atubu apate kuishi.

Mtu atumiaje vibaya uvumilivu wa Mungu? Akiuona ni ruhusa ya kudumu katika dhambi.

Toba ya kweli ina mambo gani? Kuchukia dhambi, kukusudia kuiacha, na kutengeneza lililoharibiwa.

Ianze lini? Leo.

Kusudi la juma hili: kila mkatekumeni na atafute jambo moja alilokuwa akiliahirisha, alitende kabla ya Dominika.