Kundi Lipo, au Limechorwa?

Uchanganuzi wa varianzi ni njia ya takwimu iliyoasisiwa na Ronald Fisher, Mwingereza aliyeanza kazi katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted mwaka 1919, na kuenezwa na kitabu chake cha mwaka 1925. Varianzi ni kipimo cha jinsi thamani zinavyotawanyika kuuzunguka wastani wake: umbali wa kila thamani kutoka kwenye wastani huzidishwa kwa wenyewe, kisha miraba inayopatikana hutafutiwa wastani. Jumla ya miraba hiyo hugawanyika katika mafungu mawili bila kubakiza kitu, yaani tofauti zilizo baina ya makundi na tofauti zilizo ndani ya kila kundi; fungu la kwanza likilinganishwa na la pili, kila moja likiwa limerekebishwa kulingana na wingi wa makundi na wa vipimo, hupatikana uwiano unaoonyesha kama makundi yanatofautiana kupita kiasi ambacho bahati nasibu pekee ingeweza kuleta.

Hesabu hiyo, hata hivyo, huyapokea makundi kama yalivyoletwa wala haimuulizi aliyeyagawa. Katika Dabani, upande wa Uganda wa Busia, swali la nani aliyeyagawa makundi lina uzito wa pekee, kwa kuwa Wasamia wanaishi pande zote mbili za mpaka, na Waiteso vivyo hivyo, kuanzia Tororo hadi Busia ya Kenya. Anayelinganisha mavuno ya mihogo ya Dabani na ya Funyula, iliyo upande wa Kenya, anaweza kupata uwiano mkubwa, nao ukawa wa kweli kihesabu, ilhali kilichotofautiana ni udongo au mbegu. Wala haifai kukimbilia kusema kwamba mpaka ni mstari mtupu, maana mstari uliochorwa na wakoloni umekwisha kuzaa sarafu mbili na mitaala miwili, na mtoto wa ukoo uleule husoma kwa utaratibu tofauti kwa sababu ya upande aliozaliwa. Kundi lililobuniwa laweza, kwa kudumu kwake, kuwa sababu halisi. Uwiano peke yake hauwezi kubainisha lini limefikia hapo.

Jibu la Fisher lilikuwa kuyagawa makundi kwa kura, ili pasiwepo sababu iliyojificha nyuma ya mgawanyo. Jibu hilo lilijaribiwa jirani kabisa na Dabani, katika Funyula na Budalangi, ambako Edward Miguel na Michael Kremer walichunguza dawa za minyoo katika shule 75, utafiti uliochapishwa mwaka 2004. Shule ziliorodheshwa kwa alfabeti, zikahesabiwa kwa zamu hadi yakapatikana makundi matatu ya shule 25, na matibabu yakaanza mwaka 1998 kwa kundi la kwanza, 1999 kwa la pili na 2001 kwa la tatu. Mgawanyo kwa alfabeti si kura kamili, na wakosoaji walilisema hilo. Lakini ugumu uliofundisha zaidi ulitoka kwa minyoo yenyewe. Mtoto aliyetibiwa huacha kuchafua udongo ambao watoto wa shule nyingine huukanyaga, hivyo wasiotibiwa nao wakanufaika, na pengo baina ya makundi likapungua si kwa sababu dawa ilikuwa dhaifu, bali kwa sababu nguvu yake ilivuka mipaka ya makundi, jambo lililowalazimu watafiti kuhesabu pia watoto wa shule za jirani zilizopewa dawa, kama zile zilizo ndani ya kilomita tatu.