Mtoto Akiwa Chumba cha Upasuaji, Mume Yuko Wapi?



Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Leo katika ukurasa wetu wa ndoa tutazame uchungu huo unapoingia katika nyumba ya mume na mke. Tumezoea kuzungumza hapa juu ya fedha, wakwe, ulevi na uaminifu. Lakini kuna nyumba ambazo hazikuvunjwa na ulevi wala na mwanamke mwingine. Zilivunjwa na ugonjwa wa mtoto, kwa sababu kila mzazi alilia peke yake.

Nitawasimulia habari za mume na mke wa Nyacheki, kule Bobasi, Kisii. Wao wenyewe wameniruhusu. Majina yao sitayataja.

Walikuwa na mtoto wa kiume, kifungua mimba wao. Alipokuwa na miaka kumi alianza kulalamika magoti, leo moja limevimba, kesho jingine. Baadaye akawa hawezi kupanda kilima cha kwenda shule bila kukaa chini na kuhema. Mwishowe miguu ilivimba, akafa nyumbani usiku. Watu walinong'ona kwamba amerogwa, na mama mmoja mzee wa boma la jirani akaanza kukwepwa njiani. Tangu siku ya maziko, baba hakulitaja tena jina la kijana yule. Mama aliyekuwa akiitwa na kila mtu kwa jina la mwanawe, akaanza kuitwa kwa jina la binti aliyebaki. Hakuna aliyemwuliza kama anapenda.

Miaka sita baadaye, binti huyo, sasa ana miaka kumi na mmoja, akaanza kuhema vilevile.

Safari hii walimpeleka hospitali mapema. Daktari akawaeleza kwa upole. Mtoto hupata maumivu ya koo, ugonjwa ambao wengi wetu tunaona ni jambo dogo. Usipotibiwa vizuri, wiki mbili tatu baadaye huweza kuja homa na viungo kuvimba, na mwili katika kupigana na ugonjwa ule hugeuka kuudhuru moyo wenyewe. Milango midogo ya moyo, ambayo waganga huiita vali, hupata makovu, ikawa haifungi wala kufunguka sawasawa. Ugonjwa huu huwapata zaidi watoto wa miaka mitano hadi kumi na mitano. Ukigunduliwa mapema, sindano ya penisilini kila baada ya wiki tatu au nne humkinga mtoto asidhurike zaidi. Ukichelewa, hubaki upasuaji.

Daktari alipokuwa akieleza, mama alishika ukingo wa meza. Alikuwa akisikia habari za binti yake, lakini alimwona kijana wake. Magoti, kilima, miguu. Kumbe hapakuwa na mchawi.

Ndugu msomaji, simama hapa kidogo. Mwezi wa Oktoba mwaka 2021, huko Marani katika Kisii hiihii, wanawake wazee wanne waliuawa na kuchomwa moto kwa kushukiwa uchawi. Kila tunaponong'ona juu ya bibi kizee baada ya maziko ya mtoto, tunaongeza kuni katika moto wa namna hiyo. Mkristo aliyefiwa asitafute mtu wa kumlaumu. Atafute ukweli, hata kama ukweli huo utamuuma.

Na ukweli ulimuuma mama yule. Usiku wa kabla ya upasuaji nilikuwa pamoja naye, maana jumuiya ilinituma niwasindikize. Binti alikuwa amelala. Padre alikuwa amekwisha kumpa Mpako wa Wagonjwa. Wengi hudhani sakramenti hii ni ya wanaokata roho tu, lakini Kanisa linaruhusu ipewe mgonjwa anayekwenda kupasuliwa kwa sababu ya ugonjwa mzito, hata mtoto aliyefikia umri wa kutambua mema na mabaya. Mama alikaa kwenye benchi, akaanza kulia pasipo sauti. Nami, kwa haraka ya mtu anayetaka kusaidia, nikamwambia, "Usilie, mama. Mwenye imani halii."

Akanitazama, akasema, "Na Yesu kaburini kwa Lazaro, hakuwa na imani?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Nimeliandika neno lile langu hapa ili wewe usilirudie. Rafiki zake Ayubu walikaa naye chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno, na hilo ndilo jambo jema walilolifanya. Walipofungua midomo, walianza kuharibu.

Kisha mama akasema jambo lililokuwa moyoni mwake. Hakuwa akililia kwanza hilo la kesho. Alisema, "Mume wangu yuko nje na simu yake. Amekusanya pesa kwa miezi mitano, nami namshukuru. Lakini tangu tumzike kijana wetu sijapata hata siku moja ya kulia naye."

Sasa, mpenzi msomaji, fungua Injili ya Marko sura ya tano. Jairo alikwenda kwa Yesu peke yake. Alifanya kazi ya baba, akatoka nje kutafuta msaada, akasukumana na umati, akapiga magoti. Mama hatajwi njiani, na bila shaka alibaki kitandani pa binti. Ndivyo zilivyo nyumba zetu nyingi. Baba hutafuta fedha, mama hushika mkono wa mgonjwa, na kila mmoja hudhani mwenzake hateseki kama yeye. Lakini tazama Yesu alivyofanya alipofika. Aliwatoa nje waliopiga kelele na waliomcheka, akawachukua baba na mama wa mtoto, akaingia nao wote wawili. Kabla hajamshika mtoto mkono, aliwakutanisha wazazi wake katika chumba kimoja.

Nilitoka nje nikamkuta mume karibu na lango. Sikumhubiria, kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kuaibika. Nilimwambia tu, "Mama anakuhitaji kuliko zile pesa."

Alikawia. Baadaye alikuja akakaa kwenye benchi, akamwita mkewe kwa jina ambalo hakuna aliyemwita kwa miaka sita, akatanguliza "Mama" na kumalizia na jina la yule kijana. Halafu akasema kwamba wakati ule alikuwa na fedha, alinunua mabati. Alidhani ni homa ya kawaida, itapita. Kila mvua inaponyesha juu ya mabati yale, yeye hulala macho wazi.

Mke hakumwambia kwamba si kitu. Kingekuwa uongo. Alimwambia, "Nilijua. Nilikuwa ningoje uniambie." Wakalia pamoja, kisha wakasali Rozari, na katika fumbo moja sauti ya baba ilikatika, mama akaimalizia sala kwa ajili yake.

Asubuhi binti aliingizwa chumba cha upasuaji. Upasuaji wa namna hii huchukua saa nyingi. Mfupa wa kifua hufunguliwa, na mashine hufanya kazi ya moyo na mapafu wakati madaktari wanapotengeneza vali. Kisha mtoto hupelekwa chumba cha wagonjwa mahututi akiwa na mipira mwilini, mmoja kinywani wa kumsaidia kupumua, hawezi kusema. Nakueleza haya ili, ukimsindikiza mama, umwandae. Mama asiyeandaliwa akiona mipira ile hudhani mwanawe amekwisha kufa.

Na ujue kwamba msaada upo. Hospitali ya Kenyatta ilianza upasuaji wa moyo ulio wazi tangu miaka ya 1970. Hospitali ya Mater ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1962 na Masista wa Huruma, ina mpango wa watoto wenye magonjwa ya moyo, na mbio za hisani za kuwachangia zilianza mwaka 1993. Kule Bomet, si mbali na Kisii, Hospitali ya Tenwek nayo hupasua moyo. Hiyo ni ya ndugu zetu Waprotestanti, na Mungu hatazami kadi ya ubatizo anapotuma mganga. Tangu Oktoba 2024 bima ya zamani ya NHIF imeachia nafasi Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA. Mjiandikishe familia nzima mkiwa wazima, msingoje ugonjwa.

Basi, nikupe mashauri machache.

Kwanza, wewe mume. Kutafuta fedha ni upendo, lakini hakumalizi upendo. Kaa kwenye benchi. Huhitaji maneno. Yosefu hana hata neno moja katika Injili, lakini alipopotea Mtoto Yesu alikwenda kumtafuta bega kwa bega na Maria siku tatu. Maria alipomwuliza Mwanawe, hakusema yeye peke yake aliteseka. Alimtaja Yosefu kwanza, kisha nafsi yake. Je, mke wako anaweza kusema hivyo juu yako?

Pili, wewe mke. Usipime huzuni ya mumeo kwa machozi. Wanaume wengi walifundishwa tangu utoto kuzika machozi yao. Mfungulie mlango, mwulize, mngoje.

Tatu, ninyi wakwe na majirani. Msimwulize mama amekosa nini hata mtoto akaugua. Yesu alipoulizwa habari za kipofu tangu kuzaliwa, alikataa kabisa kwamba ni dhambi yake au ya wazazi wake. Chukueni ndizi na mboga mkawapikie watoto waliobaki nyumbani. Mkameni ng'ombe. Hiyo ni sala.

Nne, ninyi wanajumuiya. Baada ya upasuaji ndipo safari inapoanza. Kuna sindano, dawa na kliniki kwa miaka mingi. Michango huisha siku mtoto anaporudi, na mama hubaki peke yake na nauli. Mpangiane zamu.

Lakini huenda unanisoma na moyo wako unasema, "Mtoto wangu hakurudi." Wewe ndiye ninayekufikiria zaidi. Pengine waliokuombea walikuambia ukiamini atapona, na sasa unadhani imani yako ilipungua. Hapana, mpendwa. Mungu si mfanyabiashara wa kupima imani kwenye mizani na kukuuzia uhai wa mtoto. Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alitoa barua nzima juu ya mateso mwaka 1984, na ndani yake hakuwabebesha wenye kuteseka hatia. Aliwaelekeza kwa Kristo aliyeteseka pamoja nao. Bikira Maria hakukosa imani, na Mwanawe alikufa mbele ya macho yake. Yohane anatuambia alisimama pale. Hakumshusha Mwanawe msalabani, maana hakuweza. Alisimama. Siku nyingine imani yote ya mzazi ni hiyo tu. Na huko kusimama, Kristo hakutaka mama yake asimame bila mtu, akampa mwanafunzi wake amchukue nyumbani kwake.

Kwa hiyo mtajeni mtoto wenu aliyelala. Mwombeeni Misa siku ya kumbukumbu yake. Waambieni wadogo zake habari zake. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mficha huzuni naye huumbuliwa na ndoa yake.

Na binti wa Nyacheki? Siku ya pili mpira wa kinywani ulitolewa. Neno lake la kwanza lilikuwa "Baba". Muuguzi, ambaye hakuwa wa huko, alitoka mbio akamwita baba yake. Msomaji wa Kisii anacheka tayari, kwa kuwa kwa Ekegusii "baba" ni mama, na baba huitwa "tata". Mume aliinuka, akaelewa kosa lile papo hapo. Angeweza kumwachia mkewe aende. Badala yake alimshika mkono, wakaingia wote wawili, kama Jairo na mkewe. Binti akaomba uji.

Yesu naye, mtasoma hapo katika Marko, alipomwinua binti wa Jairo aliagiza apewe chakula.

Walipofika nyumbani, kabla ya kuwaalika watu kwa shukrani, mume na mke walikwenda kwa yule mama mzee wa boma la jirani. Walimwomba msamaha kwa miaka sita ya kumkwepa. Aliwakaribisha chai.

Ee Mungu Baba, uwatazame wazazi wanaongoja usiku huu kwenye mabenchi ya hospitali. Uongoze mikono ya madaktari. Uwape watoto uzima, na walioitwa kwako uwape raha ya milele. Uwaketishe mume na mke pamoja, ili asiwepo anayelia peke yake. Kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.