Anayehema Nyuma ya Kundi

Jumapili alfajiri, mitaa mingi ya Dar es Salaam huamshwa na nyimbo. Vikundi vya jogingi hupita vikiwa na fulana za rangi moja. Mmoja anaanzisha, wengine wanaitikia, kwa mwendo wa mchakamchaka tuliokuzwa nao shuleni. Mimi hutazama zaidi mkia wa msafara. Yupo mtu aliyerudi nyuma kukimbia na yule anayehema? Akiwepo, hapo naona kundi la kweli.

Wimbo wenyewe una kazi. Wataalamu hupima zoezi la wastani kwa pumzi: unaweza kuzungumza, lakini kuimba kunakushinda. Basi anayeitikia wimbo hawezi kukimbia kupita uwezo wake, na mgeni aliyeanza juzi haachwi mbali. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Dakika hizo hutimizwa na anayerudi wiki ijayo, na mtu aliyeaibishwa harudi.

Ndiyo maana namwomba yeyote anayetafuta darasa la aerobiki au zumba: kabla ya kulipa ada ya mwezi, omba kukaa pembeni kipindi kimoja, kisha mwangalie mwalimu. Je, anamuuliza mgeni kuhusu presha, goti, ujauzito, upasuaji? Anapasha watu misuli kabla ya kuwarusha? Zoezi la kuruka analionyesha pia kwa namna ya kukanyaga papo hapo, bila kumfanya anayechagua hiyo ya pili ajione mvivu? Anapita kati ya mistari, au anajitazama kwenye kioo tangu mwanzo hadi mwisho? Mwalimu anayemfokea asisimame mtu aliyeshika kifua, muziki wake uwe mtamu namna gani, hafai kukabidhiwa mwili wa mtu.

Kwenye vifaa, swali langu ni moja: kinaulinda mwili, au kinangoja kutazamwa? Sidiria ya michezo iliyoshika vizuri haionekani na mtu, na mara nyingi hununuliwa mwisho, baada ya suruali ya kubana na chupa ya maji ya rangi. Ningependa inunuliwe kwanza. Viatu vifuate. Mtumba wa soko la Karume si aibu hata kidogo, ila raba inaweza kung'aa juu huku soli yake ya kati imekwisha kufa. Ibonyeze kwa kidole gumba. Ikiwa kavu kama ubao, iache. Iweke mahali tambarare uitazame kwa nyuma: ikiwa imelala upande mmoja, imeshazoea mguu wa mwenyewe wa kwanza. Ijaribu jioni, miguu ikiwa imetanuka, na ubakize nafasi mbele ya vidole.

Wapo wanaomtaja Abebe Bikila, Mhabeshi aliyeshinda mbio za marathoni za Olimpiki mjini Roma mwaka 1960 akiwa pekupeku, kuthibitisha kwamba kiatu ni anasa. Lakini Bikila alikuwa amezoea kukimbia pekupeku, na viatu alivyopata kule havikumkaa vizuri. Tokyo, mwaka 1964, alivaa viatu akashinda tena. Mara zote mbili aliusikiliza mguu wake.

Kinachonihuzunisha kweli ni mikanda ya kubana tumbo na nguo za plastiki za kutoa jasho, zinazouzwa hasa kwa akina mama waliojifungua karibuni. Jasho ni maji. Unywapo, uzito unarudi. Kujifunga plastiki katika joto la pwani ni kuuzuia mwili usijipoze, na hilo linaweza kumwangusha mtu mzima mwenye afya. Anayeuza vitu hivyo anajipatia riziki kwa hofu ya mwanamke juu ya tumbo lililobeba mtoto. Dada akikuuliza kuhusu mkanda huo, mwambie ukweli kwa upole, kisha mwalike mkatembee pamoja jioni.

Nikirudi kwenye vikundi vya jogingi vya mtaani, vingi hukusanya mchango mdogo, na fedha hiyo hainunui fulana peke yake. Mwanachama akilazwa, wenzake humwendea hospitali. Akifiwa, hufika msibani. Mchango wa namna hiyo naulipa kwa moyo mweupe.