Makala 5,000, na Glasi Ngapi za Maji?

Mwaka 2007 serikali ya India ilitenga rupia bilioni 10, za miaka mitano, kwa mpango wa utafiti ulioitwa Nano Mission. Kazi yake: kuchunguza vitu vidogo vinavyopimwa kwa nanomita. Gawa mita moja mara bilioni, ndiyo hiyo. Maji safi ya kunywa yalitajwa kati ya sababu za kutoa hela hizo. Na kweli shida ipo. Kule West Bengal watu walichimbiwa visima ili waachane na maji machafu ya madimbwi, kumbe chini kuna aseniki, sumu isiyo na rangi wala ladha, inayoleta saratani polepole.

Sasa, je, pesa hizo zilitumika vizuri?

Idara yao ya sayansi na teknolojia ina jibu: makala ya utafiti yapatayo 5,000, shahada za uzamivu zipatazo 900, halafu bidhaa kadhaa, vikiwemo vichujio vya kuondoa aseniki na floraidi kwenye maji. Umeona hapo? Makala yana idadi. Shahada zina idadi. Vichujio vimetajwa tu.

Na si vya kusimuliwa. Maabara ya Thalappil Pradeep, IIT Madras, ilitengeneza kimoja kwa chembe za madini ya chuma na kitosani, kitu kinachotokana na magamba ya kamba na kaa. Ni kazi safi sana. Lakini mimi nataka kujua nani bado anakitumia miaka mitatu baada ya wageni kupiga picha na kuondoka.

Mwanasayansi ataniambia kukarabati pampu ya kijiji si kazi yake. Sawa, sibishi. Tena ukimpima kwa bidhaa tu, atakuletea kitambaa kilichopakwa chembe za fedha za kuua bakteria (nacho kimo kwenye orodha hiyohiyo) na utakosa la kusema, maana bidhaa si ndiyo hiyo? Kuomba pesa ya umma kwa sababu tu unataka kujua kitu, kwangu hiyo ni sababu halali kabisa. Iseme hivyo. Kinachonikera ni kuombea pesa kwa kiu ya mtu, halafu wakati wa hesabu huyo mtu hayumo. Hapo umemtumia. Na deni ni la serikali iliyoahidi, hata kabla ya maabara.

Huku kwetu Kenya, sheria ya sayansi ya 2013 inataka asilimia 2 ya pato la taifa iende kwa utafiti. Hatujafika hapo, lakini fomu za kuomba pesa zinajazwa kila mwaka. Ningependa ziwe na sehemu moja zaidi: nani atarudi kupima hayo maji, lini, na nauli yake inatoka wapi.