Mwimbaji Alipwe Hapo Alipo

Miaka ya 1980 wapenzi wa muziki wa dansi Tanzania nzima walitega sikio redioni kuisikiliza bendi ya Iringa. TANCUT Almasi Orchestra ilikuwa bendi ya kiwanda cha kukata almasi, na waliosimama mbele kwenye maikrofoni walikuwa mapacha kutoka Zaire ya wakati ule, Kasaloo Kyanga na Kyanga Songa, sauti zao zikiwa zimeshikana kiasi cha kumtatiza msikilizaji kujua nani kaanza na nani kapokea. Siri ya mafanikio yale haikuwa kipaji peke yake. Katika bendi za mashirika, vyombo vilinunuliwa na mwajiri na mwanamuziki alikuwa na mshahara wa mwezi, hivyo alipata muda wa kufanya mazoezi mpaka wimbo ukaiva. Ndiyo maana naamini kwamba mwimbaji wa Mbeya au Iringa anaweza kukomaa akiwa kwao, mradi kazi yake iheshimiwe kama kazi nyingine yoyote.

Wapo watakaosema kwamba hata bendi za mikoani zililazimika kwenda Dar es Salaam kurekodi Radio Tanzania. Ni kweli, na huko wimbo ulipigwa mfululizo, bendi nzima kwa pamoja. Aliyekosea aliwarudisha wenzake mwanzo. Lakini studio ilipokea kilichokwisha kupikwa nyumbani, na siku hizi studio zipo hata mikoani. Pingamizi lililo zito zaidi ni kwamba mashirika ya umma yalipoyumba na kubinafsishwa, bendi nyingi zilikufa nayo. Hilo nalikubali bila kusita: aliyeimba kwa vyombo vya mwajiri alibaki mikono mitupu siku mwajiri alipofunga milango. Hata hivyo, kosa halikuwa mshahara. Kosa lilikuwa kumlipa msanii jasho la leo bila kumwachia haki ya kesho. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 imekwisha kuitambua haki hiyo, ila haina faida kwa kijana anayeimba usiku kucha baa bila hata karatasi ya makubaliano. Wenye hoteli na kumbi wa Nyanda za Juu Kusini waanzie hapo: mkataba wa maandishi, malipo kwa wakati, na nyimbo zibaki mali ya aliyezitunga. Bila hayo tutaendelea kuwapoteza waimbaji wetu, kisha tuwalaumu kwa kuondoka.